Spika Tuliyofinyanga na Mama Mkwe

Nilivunjika mguu mwezi wa tano, mvua zikiwa zinaelekea kuisha. Mimi ni mpima ardhi, na siku hiyo nilikuwa nje kidogo ya mji wa Songea, narudi nyuma hatua kwa hatua huku nikimwelekeza mwenzangu asimamishe ufito wa kupimia sawasawa. Nyuma yangu palikuwa na shimo ambalo watu walichimba mchanga wa kujengea. Miaka yote nimekuwa nikiwaonyesha wengine mipaka ya viwanja vyao, lakini shimo lile sikuliona. Nilidondoka, nikasikia mfupa ukilia, na kabla ya saa nane mchana nilikuwa kwenye kitanda cha hospitali nimefungwa plasta, lile tunaloliita hogo, kutoka kwenye vidole mpaka juu ya goti.

Daktari alisema miezi mitatu. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Anatoka nyumbani alfajiri, anarudi saa kumi jioni. Watoto wetu wawili wako shule ya bweni. Mimi kwetu ni Shinyanga, na ndugu zangu wako mbali. Mke wangu alikaa pembeni ya kitanda akafikiri, kisha akasema, "Nitampigia mama."

"Usimsumbue," nilimwambia. Ukweli ni kwamba niliogopa.

Mama yake ni mjane anayelima mahindi Maposeni. Zamani alikuwa mfinyanzi, tena mfinyanzi aliyetafutwa. Mitungi yake ya pombe ya ugimbi ilifuatwa na watu wa vijiji vya mbali, na mke wangu hupenda kusema kwamba yeye alisomeshwa ualimu kwa vyungu vya mama yake. Sikumwogopa kwa ubaya wowote. Niliogopa kwa sababu ya heshima. Kwetu Usukumani mtu na mama mkwe wake hawakai wakaongea ovyo, hawali chakula pamoja, hawatazamani usoni. Nilipooa Songea nikakuta Wangoni nao ni hivyo hivyo, pengine kutuzidi. Katika miaka kumi na mmoja ya ndoa yetu, nadhani maneno niliyosema na mama mkwe, ukitoa salamu, yangejaa ukurasa mmoja wa daftari. Sasa alikuwa anakuja kukaa na mimi nyumba moja, mchana kutwa, wawili tu.

Alifika siku ya pili na mfuko wa nguo na debe la unga. Mahindi yake yalikuwa bado yamesimama shambani, yanasubiri kuvunwa. Alimwachia jirani yake, akaja. Jambo hilo sikulipa uzito wake siku ile. Leo kila nikilikumbuka naona haya kidogo.

Tulianza maisha yetu ya ajabu. Yeye alikaa barazani, mimi nikakaa sebuleni mguu juu ya stuli. Chakula kikiwa tayari alikiweka kwenye meza ndogo karibu na mlango, akakohoa kuniarifu, akarudi barazani kula cha kwake. Yote hayo yangekwenda vizuri, kama asingekuwa na shida moja ambayo hakuna aliyeniambia: mama mkwe wangu alikuwa hasikii.

Niliigundua siku ya kwanza. Nilisema, "Mama, naomba maji ya kunywa." Kimya. Nikasema tena. Kimya. Nilimwona mgongo wake kupitia mlangoni, anachambua maharage, ametulia kabisa. Ningepaza sauti angesikia, lakini kumpigia kelele mama mkwe ni sawa na kumtukana. Nikarudi kuegemea kiti. Nilikaa na kiu mpaka saa kumi, mke wangu aliporudi.

"Mama hakukupa maji?" aliuliza kwa mshangao.

"Sikuhitaji," nikasema.

Siku ya tatu, kwa bahati tu, gongo langu la kutembelea lilianguka likapiga sakafu. Papo hapo akageuka, akainuka, akaja mlangoni. "Baba, umeanguka?" Hakuwa amesikia mlio. Alikuwa ameketi chini miguu ameinyoosha, na sakafu ndiyo iliyompa habari. Kuanzia hapo nikimhitaji niligonga sakafu mara mbili kwa gongo, na yeye alikuja. Kwa kuwa alisoma shule ya misheni na macho yake ni mazima akivaa miwani, nilichukua daftari la mke wangu nikawa namwandikia kwa herufi kubwa: NAOMBA MAJI. AHSANTE MAMA. CHAKULA KILIKUWA KITAMU. Alisoma akitikisa kichwa, akajibu kwa mdomo, kwa sauti ya chini, akiangalia ukutani. Heshima ilibaki mahali pake na mimi nikanywa maji.

Siku moja akasimama pale mlangoni muda mrefu kuliko kawaida.

"Baba, hili la masikio. Usimwambie mwanangu."

Niliandika: KWA NINI?

"Atanihamishia mjini. Shamba langu atalima nani?"

Nikaandika: SITASEMA. Na sikusema. Mke wangu alijua kwamba masikio ya mama yake yamechoka kidogo, hivyo alikuwa akiongea naye kwa sauti kubwa na karibu, kama watoto wa kumzaa wanavyoruhusiwa. Mama alisoma midomo yake, akabahatisha yaliyobaki, siku zikaenda.

Kitu ambacho hakuweza kukibahatisha kilikuwa simu. Ana mtoto wa kiume, mdogo wake mke wangu, anayefanya biashara ya mchele na korosho Nakapanya, wilaya ya Tunduru, kandokando ya barabara kuu. Kijana huyo alikuwa ameoa binti wa Kiyao mwaka uliopita, ndoa ya Kiislamu, huko huko kwa wakwe zake. Mama hakuweza kusafiri kwenda, alikuwa anaumwa magoti. Muda mfupi kabla sijaumia walikuwa wamepata mtoto wa kike. Karibu kila wiki kijana alituma ujumbe wa sauti kwenye simu ya mke wangu. Mke wangu alikuwa anaubonyeza, anamwekea mama sikioni, kisha anaondoka kwenda jikoni ili mama asikilize kwa nafasi.

Jioni moja nilikuwa nimekaa mahali ambapo niliweza kumwona. Ameshika simu, anatikisa kichwa, anasema, "Vizuri. Vizuri, mwanangu." Lakini simu aliishika juu chini. Ujumbe ulikwisha na yeye akaendelea kutikisa kichwa kwa muda. Kisha akairudisha. "Anasalimia," akasema. "Wazima wote."

Usiku huo nilimfikiria sana yule mama. Ningeweza kumwandikia maneno ya mwanawe kwenye daftari, lakini nilijua si kitu kile kile. Mtu anataka sauti ya mtoto wake.

Nilipokuwa chuo nilikuwa na ugonjwa wa kufungua redio. Nilitengeneza mbili tatu zilizofanya kazi na nyingi zilizotoa moshi. Sasa nilikuwa na miezi miwili mbele yangu, mikono miwili mizima, na sababu. Sebuleni tulikuwa na sabufa, ile ya kawaida ambayo kila nyumba inayo, inayotingisha vikombe kabatini. Tuliwahi kumwekea mama misa ya redioni kupitia hiyo, akageuza uso pembeni kama mtu aliyepulizwa vumbi. Besi ilikuwa inayameza maneno. Nilichohitaji ni spika ya kusema, isiyo ya ngoma, ambayo ingepokea sauti kutoka kwenye simu bila waya.

Lakini kwanza nilitaka kujua anasikia nini. Nilipakua kwenye simu programu inayotoa mlio mmoja mmoja, kuanzia mnene hadi mwembamba, nikachomeka kwenye sabufa. Nikamwandikia: UKISIKIA, INUA KIDOLE. Alikaa kwenye kizingiti, nusu ndani nusu nje, akainua kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Mlio mnene, kidole juu. Wa kati, kidole juu. Nikapandisha. Nikapandisha tena. Kidole kikabaki chini.

"Hiyo ipo?" akaniuliza.

Nikatikisa kichwa kumwambia ipo.

"Ni kama nini?"

Niliwaza nimwelezeje. Nikaandika: KAMA NDEGE WADOGO ASUBUHI.

Akasoma. Akavua miwani.

"Kumbe wapo," akasema. "Mimi nilidhani wamehama. Nilisema watu wamekata miti Maposeni, ndege wamehama."

Nilijifanya naangalia waya.

Vifaa alininunulia mke wangu kwa fundi redio wa karibu na soko, kwa orodha niliyoichora mpaka na picha: spika moja ya inchi nne iliyotolewa kwenye mlango wa gari bovu, koni yake nzima, bodi ndogo ya bluetooth yenye ampu ya kukuza sauti juu yake, betri tatu kutoka kwenye laptop iliyokufa, na bodi nyingine ndogo ya kuzichajia. Mke wangu alinitazama nikizipanga kwenye kitambaa juu ya mapaja. "Angalau utaacha kunisumbua kuhusu chumvi," alisema. Nilikuwa kweli nimeanza kukosoa chumvi.

Nilichora boksi kwenye karatasi ya vipimo, kazi ninayoijua. Upana, kina, ujazo wa hewa ndani, kila kitu mpaka milimita. Mbao nikatoa kwenye rafu ya kabati la zamani. Kukata mbao umekaa na mguu umenyooka kama bomba ni kazi ya siku nne. Nikagundisha, nikapiga skrubu, nikaunga nyaya kwa pasi ya kulehemu. Niliunganisha simu, nikaweka mtu anasoma habari.

Lilinguruma. Kila mara sauti ya msomaji ikishuka, boksi zima lilitoa mlio wa nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Nikakaza skrubu. Likanguruma. Nikaongeza gundi. Likanguruma. Nilikuwa nimechukia kiasi kwamba sikuona mama mkwe ameingia. Ndiyo, ameingia, amevuka kizingiti, jambo ambalo katika wiki tano hakuwahi kulifanya bila sinia mkononi. Akapiga magoti upande wa pili wa stuli, akaweka kiganja juu ya boksi. Akakisogeza pembeni, taratibu, kama unavyompima mtoto homa. Akagonga kwa kifundo cha kidole.

"Hapa limekufa," akasema. Akagonga sehemu nyingine. "Na hapa. Kuta zinatetemeka, kila mmoja na wake. Mtungi ukigonga ukakujibu hivi, una ufa."

Niliandika: MTUNGI MZIMA UNAJIBUJE?

Alifikiri. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe mwanawe, alicheka mbele yangu, akafunika mdomo kwa khanga. "Unalia mara moja tu. Halafu unanyamaza."

Nilikaa nikimtazama mikono. Halafu nikaandika polepole, nikiogopa kwamba naomba kitu kikubwa: MAMA, UNAWEZA KUFINYANGA BOKSI?

"Boksi hapana," alisema. "Chungu, ndiyo."

Jumamosi hiyo alikwenda Maposeni akarudi na udongo kwenye mfuko wa mbolea na vigae vya vyungu vilivyovunjika, ambavyo alivitwanga vikawa kama chenga za mahindi, akavichanganya humo. Miaka sita alikuwa hajafinyanga. Sufuria za bati zilikuwa zimeua soko lake, alisema, na magoti yakamalizia. Alitandika gunia barazani, mimi nikasogezewa kiti mlangoni, na kwa mara ya kwanza tukawa tunatazama kitu kimoja.

Nilimchorea chungu. Mviringo kama boga, kitako bapa cha kukalia, na mdomo ukitazama mbele wa kupachika spika. Nikakata karatasi ya duara, kipimo cha mdomo huo, nikampa. Nilipima mara tatu. Yeye akaishika karatasi, akaigeuza, akaitazama spika yenyewe.

"Huu udongo utarudi, baba," akasema.

Nilidhani ana maana kwamba udongo utabaki, atarudisha mwingine Maposeni. Nikaandika: HAINA SHIDA. FUATA KARATASI. KIPIMO NI SAHIHI. Nilipigia mstari neno sahihi.

Alisoma. Akainamisha kichwa, akasema, "Haya." Na alifuata karatasi kama nilivyoagiza, kwa sababu mimi ni mkwe wake na ni mtu wa vipimo. Aliunda kwa mikunjo ya udongo, mmoja juu ya mwingine, akaunganisha kwa dole gumba, akalainisha kwa kipande cha kibuyu. Mikono ile ilikuwa ya mzee ikichambua maharage. Kwenye udongo haikuwa na umri.

Chungu kikakaa kivulini siku tisa. Siku ya kumi nikajaribu kupachika spika. Haikuingia. Nilipima mdomo, ulikuwa umepungua karibu upana wa kidole. Na bado kilikuwa hakijachomwa. Ndipo nikaelewa alichosema. Udongo unarudi, kama shati jipya la pamba likifuliwa.

Niligonga sakafu mara mbili. Akaja. Nilishika kalamu muda mrefu. Mwishowe nikaandika: MAMA, NISAMEHE. ULINIAMBIA.

"Nilikuambia," alikubali, bila ukali wowote.

KWA NINI HUKUKATAA?

"Ulipiga mstari," akasema.

Nilicheka mpaka mguu ukauma, naye akacheka, safari hii bila khanga. Nadhani tulianza kuwa ndugu hapo. Nikaitupa karatasi yangu, nikamwekea spika yenyewe mbele yake. NIAMBIE WEWE, niliandika. Akaipima kwa shibiri na vidole, akasema mdomo lazima uizidi spika kwa unene wa kidole gumba chake, maana udongo hurudi mara mbili, mara moja kivulini na mara moja motoni. Akafinyanga viwili, kwa tahadhari. Kabla havijakauka kabisa, alivitoboa vitundu vya skrubu kwa mwiba na tundu moja nyuma la kupitishia waya wa chaji.

Akavichoma uani Jumapili mchana, mke wangu akimsaidia, kwa magome, nyasi kavu na mabua ya mahindi aliyoletewa kutoka shambani kwake. Mimi nililetewa kiti nje, na blanketi, kwa kuwa Songea mwezi wa saba ina baridi hata jua likiwaka. Kimoja kilipasuka motoni kwa kishindo, mimi na mke wangu tukashtuka, mama akaendelea kuchochea. Tukamwonyesha kwa mikono kwamba kimoja kimepasuka. Akainua mabega. "Ndiyo maana vilikuwa viwili."

Kilichopona kilitoka chekundu, na doa jeusi ubavuni pale moshi ulipokibusu. Alisubiri kikapoa. Akakigonga kwa kifundo, akiwa amekishika kwa mkono wa pili. Kikalia mara moja, kikanyamaza. Alinikabidhi mwenyewe, mkononi mwangu, bila kukiweka kwanza chini kama desturi inavyotaka. Sidhani kama alitambua.

Spika iliingia mdomoni ikakaa kama kifuniko. Niliizungushia gundi ya silikoni, betri na bodi nikavipachika ndani kwenye kipande cha mbao. Nilipowasha, sauti ilikuwa safi, bila mngurumo, ila ilikuwa na mwangwi kidogo, kama mtu anayeongea kanisani peke yake. Nikamweleza kwa daftari. Akaenda chumbani, akarudi na mto wake wa kulalia, akaufumua mshono, akanipa konzi mbili za sufi. Nikaijaza ndani nyuma ya spika. Mwangwi ukaondoka. Kwenye simu nikapunguza besi karibu yote, nikainua sauti za kati, pale kidole chake kilipokuwa kinapanda.

Jumatano jioni mke wangu alirudi kazini akiwa na ujumbe mpya kutoka Nakapanya. Alikuwa hajausikiliza. Tuliweka chungu juu ya meza ndogo. Mama alikaa kwenye kigoda sebuleni, hatua mbili kutoka kwangu, uso ameugeuzia upande wa chungu, kiganja kimoja juu ya ubavu wake. Mke wangu akabonyeza.

"Mama, shikamoo."

Mama akashtuka, akavuta mkono. Halafu akasema, kwa sauti kubwa, "Marahaba!" Mke wangu akacheka. Mimi nilikuwa namtazama mama, na nilipoona uso wake sikuweza kucheka.

Sauti ikaendelea. Kijana alieleza mvua, alieleza bei ya mchele, alieleza mke wake amepona malaria. Mama anasikiliza, midomo inatembea na maneno. Kisha tukasikia anavuta pumzi.

"Mama, nilisema sitauliza tena, lakini nauliza mara ya mwisho. Tangu mtoto azaliwe tulikuomba umpe jina, ukasema vizuri, vizuri, na mpaka leo hujatuma. Mwezi wa tatu huu tunamwita mtoto tu. Mwenzangu anasema humtaki kwa sababu ya dini yake. Mimi nimemwambia mama yangu si mtu wa hivyo, lakini sina cha kumwonyesha. Kama hutaki, sema tu. Tutampa sisi."

Ujumbe ukaisha. Mke wangu alikuwa amesimama katikati ya chumba, mkono mdomoni. Katika jumbe zote zilizopita alikuwa amesikia vipande tu akipita, ndugu yake akisema "tunasubiri, mama", akadhani wanasubiri wageni.

Mama mkwe aligeuka, akamtazama mwanawe, kisha, kwa mara ya kwanza maishani, akanitazama mimi usoni.

"Jina?" akasema. "Waliniomba jina?"

Mke wangu akaitikia kwa kichwa.

"Alinipigia mwezi ule nikiwa shambani. Nilisikia mtoto amezaliwa, wa kike. Mengine sikusikia. Nikasema vizuri." Alianza kulia taratibu, bila sauti. "Nimewaweka watoto wa watu miezi mitatu bila jina."

Mke wangu akapiga magoti mbele yake. "Mama, kumbe husikii?" Sasa hakukuwa na siri ya kutunza. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenihamishia hapa."

"Ningekuacha huko huko, na chungu hiki na betri za kutosha," alisema mke wangu, na wote wawili wakalia na kucheka pamoja, wakishikana mikono, na mimi nikashughulika na kusafisha miwani yangu ambayo haikuwa chafu.

Mama aliomba simu hapo hapo. Mke wangu akamshikia, akabonyeza kurekodi. Alisema mambo machache. Alisema yeye ndiye mwenye kosa, masikio yake yamekufa na yeye aliona aibu kusema. Alimwita mke wa kijana wake mwanangu, akamwomba radhi. Akasema mwenyewe aliwahi kuzaa binti mwingine kabla ya mke wangu, akafa mdogo, na jina la binti huyo hakuwahi kumpa mtu, alikuwa amelihifadhi. Kisha akalitaja. Mke wangu alikuwa hajawahi kulisikia.

Jibu lilikuja kabla ya ugali kuiva. Haikuwa sauti ya kijana. Ilikuwa ya mwanamke, changa, yenye lafudhi ya Kiyao, na nyuma yake mtoto analia. "Alhamdulillah, mama. Ahsante. Tumempa. Huyo unayemsikia ndiye yeye." Mama aliuomba ujumbe huo urudiwe, tukaurudia mpaka betri ya simu ikaisha.

Hogo lilitolewa mwezi wa nane. Mguu ulitoka mwembamba kama wa korongo. Mke wangu alimpeleka mama hospitali hiyo hiyo; wakasafisha masikio, wakasema sehemu kubwa ni umri, waangalie uwezekano wa kifaa cha kuvaa. Kifaa hicho bado tunakifuatilia. Wiki iliyofuata mama akasema anarudi Maposeni, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Chungu nilikifunga kwenye blanketi, nikamfundisha kukichaji kwa sola yake ndogo, nikamwandikia maelekezo kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari. Daftari lenyewe alilibeba.

Nimejaribu kumshukuru kwa miezi ile, na kila mara anasema ni yeye wa kushukuru, tukabaki tunashindana. Aliacha mahindi yake yasimame shambani akaja kukaa mlangoni mwa mtu ambaye hakuweza hata kumwomba maji. Nilimpa sauti ya mwanawe, ni kweli. Lakini kile chungu kilitoka mikononi mwake, na sufi ilitoka kwenye mto wake.

Baada ya mavuno walikuja wote kutoka Nakapanya. Tulikutana Maposeni. Binti wa Kiyao alishuka kwenye gari amejifunga ushungi mweupe, mtoto mgongoni, akasimama kwa woga kwenye njia ya kuingilia uani. Mama mkwe alikuwa anapembua mahindi. Aliweka ungo chini, akajipangusa mikono kwenye khanga, akamwendea kwa magoti yake yale mabovu, haraka kuliko nilivyowahi kumwona akitembea. Hakusubiri salamu. Alimfungua mtoto kutoka mgongoni mwa mama yake, akambeba, akamtamkia jina lake sikioni, mara mbili, kisha akakaa akisubiri ajibu.